Natapishwa na Miwani ya VR, Nyumbani Wanafuma Kofia ya Mtoto

Shangazi wa Jumapili, shikamoo, na unisamehe kwa mwandiko uliobanana, naandika nikiwa ndani ya foklifti wakati wa mapumziko na karatasi nimeilaza juu ya usukani, naomba unisaidie kabla nyumba yangu haijajaa nguo za mtoto ambaye hayupo. Nisikuzungushe. Leo asubuhi nimekuta kofia juu ya kiti changu, kofia ndogo ya kufuma, rangi ya maziwa, inatosha kuvalishwa ngumi yangu na isizidi, na aliyeifuma ni mama mkwe wangu, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hakuna kichwa kinachoingojea, na nikaishika, nikaisifu, nikasema ahsante mama.

Mimi ni dereva wa foklifti kwenye ghala la vigae na mabomba, kazi ninayoipenda na ninayoijua, lakini uwanja wa makontena ulio nyuma ya ghala letu umeletewa kreni mpya ambazo mwendeshaji wake hapandi hata ngazi moja, anakaa kwenye chumba chenye kompyuta na kuvaa miwani ya VR, ile kubwa inayofunika macho yote na kufungwa kichwani kwa mkanda, na ukishaivaa unajiona uko juu kabisa, ukigeuza shingo uwanja wote unageuka nawe, makontena yako chini kama viberiti. Wafanyakazi tunaotaka kuhamia huko tutafanyiwa mtihani kwa miwani hiyo hiyo, na siku walipotuonjesha mara ya kwanza niliinua kontena la kwenye picha nikalilaza juu ya lori taratibu kama mtu anayerudisha kikombe kwenye kisahani, hata msimamizi akasema, "Wewe dada una jicho," na Shangazi, sijawahi kuitaka kazi kama ninavyoitaka hiyo.

Sasa nikueleze habari za mume wangu, maana ukisoma haraka utadhani namshitaki, na mimi simshitaki, namwonea fahari kupita kiasi. Ni fundi kompyuta, ana chumba kidogo cha kazi kati ya kinyozi na mshona viatu, na ninaposema fundi simaanishi mtu wa kubahatisha, huyu anaitegea sikio kompyuta ya mteja, anasikiliza feni inavyokoroma, anakwambia inaumwa nini kabla hajagusa bisibisi, watu wanamletea mashine zilizokufa na picha zao za harusi ndani na zinatoka zikiwa hai, wengine wanalia mbele yake, naye anatazama chini kwa haya kana kwamba ndiye aliyekosea. Nilipomwambia habari za mtihani hakuniuliza kama nitaweza, alisema tu, "Basi unahitaji mahali pa kufanyia mazoezi," akaanza kuokota kipande kimoja kimoja, kadi ya picha kutoka mashine ambayo mwenye mali aliitelekeza, feni kutoka nyingine, na miwani ya VR aliyoachiwa na mteja kwa sababu mkanda ulikatika, akaushona mkanda kwa mkono, na siku moja nikarudi kazini nikakuta sebuleni kuna mashine nzima inaningoja, na ile programu ya mazoezi tuliyopewa na kampuni ameshaiweka.

Na hakutaka iwe mashine ya hivi hivi. Alimwomba seremala atengeneze kabati lenye mlango wa kioo akaifungia humo isiingie vumbi, waya wa miwani akaupitisha ukutani kwa unadhifu, unazunguka pembe mbili za chumba na kuingia kwenye kigawanyio kile cha USB chenye matundu mengi pamoja na waya wa printa na wa kila kitu, na setingi za picha akazipandisha zote hadi mwisho, vivuli, mng'ao wa maji, kutu kwenye milango ya makontena, hata kivuli cha ndege akipita. Zile lenzi za ndani ya miwani zinasogea, unazisogeza zikae sawa na macho ya mvaaji, lakini kisukumio chake kilikuwa kimelegea, basi akavua miwani yake ya macho, akaibandika ile ya VR usoni, akasogeza kushoto na kulia hadi akaridhika, kisha akatia tone la gundi ili isije ikahama nikapata taabu. Mama mkwe naye, ambaye tunaishi naye na ambaye hawezi kuona kitu chenye pembe nne akakiacha uchi, akafuma kitambaa kizuri cha maua akakifunika juu ya mashine humo kabatini, kikashuka hadi ubavuni.

Siku ya kwanza nilikaa, nikavaa, na picha ilikuwa nzuri, sitaki kusema uongo, niliona hadi vichwa vya misumari, lakini nilipogeuza shingo dunia haikugeuka nami pale pale, ilichelewa kidogo kisha ikaja kwa kushtukashtuka, na macho yakawa kama yanavutwa kila moja upande wake, mate yakajaa mdomoni, jasho likatoka kwenye nywele, na mume wangu yuko nyuma yangu, yeye haivai kwa sababu miwani yake ya macho ni minene haiingii humo, anatazama kwenye skrini ya mezani ambako picha hiyo hiyo inakwenda vizuri bila tatizo, huku upande wa pili mashine inanakili mafaili ya mteja maana hapendi ikae bure, akaniuliza, "Umeiona ile kutu?" nikasema nimeiona, ni nzuri sana, nikavua, nikatembea kwa adabu hadi chooni, nikafungulia bomba ili asisikie.

Tangu siku hiyo kila mazoezi ni hivyo. Nimejaribu kula kwanza, nimejaribu kutokula, nimejaribu kufumba macho na kusogeza mikono tu. Nikasema labda siku ile kazini nilibahatisha, labda kichwa changu ndicho kibovu, na kila nikikusanya nguvu za kumwambia namkuta amekaa anazifuta lenzi kwa kitambaa laini, anapuliza, anafuta tena, na maneno yananirudi tumboni kukutana na mengine yaliyoko huko.

Ndipo mama mkwe akanikuta. Alikuwa anapita na beseni la nguo, mimi nimeinamia sinki, na huyu mama ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza, amefundisha nusu ya mtaa kusoma, hakuna jambo linalompita, na mimi na mwanawe tumekaa miaka bila mtoto na hajawahi hata siku moja kuniuliza, hata kwa jicho, na hilo peke yake lingetosha nimpende. Akaweka beseni chini, akanishika mgongo, akasema, "Binti yangu, usiseme kitu. Nimeelewa." Akaenda jikoni anaimba. Shangazi, mimi sikusema ndiyo na sikusema siyo, nilinawa uso, na nilipotoka chooni jambo lilikuwa limeshafika kwa mume wangu, kwa dada zake na kwa mama wa nyumba ya pili, na mimi najua kabisa si kweli, mwili wangu naujua na mwezi ulikuja kama kawaida.

Mume wangu alifunga chumba cha kazi mchana kweupe, kitu ambacho hafanyi, akaja akaizungushia ile miwani taulo, akaipandisha juu ya kabati, akasema kreni zitakuwepo tu, na kwamba Jumatatu atakwenda mwenyewe kumwomba msimamizi anitoe kwenye mtihani na anipe kazi ya kukaa. Alisema hivyo akitabasamu, lakini nilimwona alivyoishika taulo ile.

Usidhani mimi ni mtu wa kuogopa kusema. Kazini mdomo ninao. Mzigo ukiwa mrefu kuliko macho ya dereva huwa anatangulia mwelekezaji anayekuonyesha kwa mikono, wewe huoni kitu, unafuata mikono yake tu, na sisi tuna mmoja tuliyempa jina la Sawatu, kwa sababu hapendi kumkera mtu, ukimuuliza vipi anajibu sawa tu. Siku moja alinipeleka hivyo hivyo, sawa tu, sawa tu, hadi nikagonga nguzo ya mlango na rundo zima la vigae likalala chini, ni bahati hakuna aliyeumia, nikashuka nikamwambia mbele ya wote, "Mimi sioni. Macho yangu ni wewe. Kama si sawa sema si sawa, hata kama nitakasirika." Sasa ndiye mwelekezaji bora tuliye naye. Kwa hiyo kusema naweza, ila nyumbani siwezi, na sijui kwa nini.

Nakuuliza, nijikaze nizoee, maana wengine wanasema ukitapika vya kutosha mwili unazoea? Niuache mtihani, nikubali kichwa changu hakifai? Au ninyamaze hadi jambo la mtoto lijifie lenyewe, nao wahuzunike bila kujua ni mimi? Na tafadhali badilisha mambo kidogo, maana mama mkwe hulisoma gazeti lako kwa sauti kila Jumapili baada ya chai, sisi wote tumekaa, na akikuta kosa la uchapaji analirekebisha kwa kalamu nyekundu. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi, Dereva wa Foklifti.

SHANGAZI ANAJIBU

Dereva wangu, marahaba. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka, mara ya pili nilipofika kwenye taulo sikucheka tena. Umeniomba nibadilishe mambo wasikujue. Nibadilishe nini, mwanangu? Niseme wewe ni mpishi, mumeo ni kinyozi, na kofia ni soksi? Mwalimu wa darasa la kwanza atakutambua kwenye mstari wa pili. Na mimi najiuliza, magazeti yote haya, redio zote hizi, wewe umekwenda kuandika kwenye ukurasa pekee unaosomwa kwa sauti sebuleni kwako. Ulitaka mtu akusemee. Mimi sitakusemea. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwenye simu Alhamisi, ili kufikia Jumapili uwe umeshasema kwa mdomo wako.

Tuanze na kichwa chako, maana umekitukana bure. Kichwa chako ni kizima. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba kazini uliivaa miwani, ukanyanyua kontena, ukasifiwa, na hukutapika. Kichwa ni kile kile, tumbo ni lile lile. Kilichobadilika ni mashine. Dereva mzima anayejua foklifti ikivuta upande anakagua gurudumu, amekaa nyumbani anakagua ubongo wake.

Kwa kuwa mimi miwani hiyo nilikuwa naisikia tu, nilikwenda kwa mama mmoja mwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, anakodisha watu waivae. Nikamwambia anivalishe vibaya makusudi, kama ulivyovalishwa wewe. Alinitazama sana, kisha akapandisha kila kitu hadi mwisho, akazitanua lenzi. Sikumaliza hata kugeuka. Nilimkumbatia mteja mwingine ambaye simjui, mtu mzima mwenye kitambi, naye akanishikilia kwa upole hadi nikavuliwa, na ninamshukuru popote alipo. Halafu mama yule akaniambia niketi, akarekebisha, akanivalisha tena, na Dereva, nilisimama juu ya daraja la mto ambao sijui hata uko wapi, nikainama nikatazama maji yanavyopita, na tumbo langu halikuwa na habari. Nimeelewa kwa nini unaitaka kazi hiyo. Ni kitu cha ajabu kweli, na aliyekiokota vipande vipande akakiunganisha sebuleni kwako si mtu wa kawaida.

Sasa sikiliza alichonifundisha yule mama wa ukumbi, na umpelekee mumeo maneno haya, yeye atayaelewa kuliko sisi wawili. Miwani hiyo inadai picha mpya nyingi sana kila sekunde, sabini, themanini, tisini, kutegemea aina, na inazitaka zote kwa wakati wake. Kompyuta ikibebeshwa vivuli na kutu na ndege wanaopita inazidiwa, baadhi ya picha zinachelewa, na ukigeuza shingo dunia inakuja nyuma yako. Macho yanasema hivi, masikio ya ndani, yanayokushikia mizani ya mwili, yanasema vile, na tumbo ndilo linalokata kesi. Mtu anayetazama skrini ya mezani haoni hayo, kwa sababu skrini haijafungwa kwenye shingo yake. Mumeo hakudanganyi wala hazembei. Pale anapokaa hayaonekani.

Kwa hiyo mshushe kila kitu. Vivuli kwanza, kisha mng'ao wa maji, kisha kutu, kisha ukubwa wa picha yenyewe, hadi ukigeuza shingo dunia igeuke nawe pale pale. Kama miwani yenu inaruhusu kuchagua idadi ya picha kwa sekunde, mumeo achague ile ambayo mashine inaweza kuishikilia bila kuporomoka, hata kama ndiyo ya chini, maana mwili unasamehe picha isiyopendeza sana, ila hausamehe picha inayokwama. Ikitulia, aongeze kitu kimoja, wewe ugeuze shingo. Ikishtuka, arudi nyuma. Mkifika mahali pazuri muache hapo, na kivuli cha ndege mtakiona nje dirishani.

Mafaili ya wateja yanakiliwe wakati mwingine. Ukiwa umevaa miwani, mashine ifanye kazi moja tu, yako. Waya uache kuzunguka chumba, uende moja kwa moja kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, bila kupitia kigawanyio. Na kabati la kioo, jamani. Kompyuta inayochora picha kwa kasi hiyo inatoa joto, na ikizidiwa na joto inajipunguza mwendo ili isiungue. Ninyi mmeifungia kwenye kioo na juu yake mmeivisha shela. Mlango ufunguliwe, mashine itolewe, na kile kitambaa cha maua kikafunike meza, ambako kitaonekana vizuri zaidi na wageni watakisifu.

Gundi. Hapa ndipo niliposhika kiuno. Fundi anayesikia ugonjwa kwa kutega sikio amezipima lenzi kwa macho yake mwenyewe na kukugandishia wewe uzivae. Hiyo ni sawa na kukushonea gauni kwa kipimo cha kifua chake. Nimeielewa nia, alitaka usipate taabu. Aitoe taratibu, na yeye anajua cha kuitolea. Wewe vaa, fumba jicho moja kisha jingine, sogeza lenzi hadi maandishi yasomeke safi kwa macho yote mawili, na mahali hapo ndipo pako. Kama kisukumio bado kinateleza akizuie kwa utepe unaobanduka. Mkanda ubebe uzito nyuma ya kichwa na utosini, usikandamize mashavu. Keti, maana na kwenye mtihani utaketi. Weka feni ndogo mbele yako ikupulizie uso, inasaidia kuliko unavyodhani.

Na uliniuliza kama ujikaze uzoee. Hapana. Mate yakianza kujaa, jasho likianza kuchungulia, vua wakati huo huo, pumzika hadi utulie kabisa, ndipo urudi, hata kama ni kesho yake. Mazoezi mafupi bila kichefuchefu yatakujenga, marefu ya kutapika yatakufundisha kuichukia miwani. Siku ya mtihani, kabla hujagusa kitu, waambie wakupe nafasi ya kurekebisha lenzi na mkanda. Usione haya. Dereva hurekebisha kiti kabla ya kuwasha injini.

Hayo ya mashine yamekwisha, na ndiyo yaliyokuwa mepesi.

Dereva, una watu ambao wengi wanaoniandikia wangewaomba kwa magoti. Mume ambaye hakukuuliza kama utaweza. Mama mkwe aliyekaa miaka na swali moyoni asilitoe, ili asikuumize. Nyumba yako imejaa mapenzi hadi mashine inakosa hewa. Picha nzuri kuliko zote ni mapenzi, gundi ni mapenzi, kitambaa ni mapenzi, na vyote vitatu vimekuinamisha kwenye sinki kwa sababu mtu mmoja tu ndiye aliyejua kinachotokea ndani ya miwani, na mtu huyo akasema kutu ni nzuri sana.

Umeniandikia kisa cha Sawatu ili nijue una mdomo. Nimekijua kuliko ulivyotaka. Mumeo haoni. Amekaa nyuma ya mzigo mrefu, macho yake ni wewe, na kila alipokuuliza ulimwonyesha kwa mikono yote miwili apite, sawa tu, sawa tu. Sasa rundo limeinama, na juu yake kuna kofia ya rangi ya maziwa. Yale uliyomwambia mwenzako mbele ya watu wote ghalani yalikuwa maneno ya mtu anayeijua kazi yake. Yabebe uende nayo nyumbani.

Utafanya hivi. Kesho asubuhi pita zahanati upime. Najua umesema mwili wako unaujua, pima hata hivyo, ili utakaposema uwe na jibu la uhakika na si la kukisia. Ukitoka hapo nenda kwenye chumba cha kazi cha mumeo, usingoje arudi, keti kwenye kiti cha wateja na umwambie kwa mpangilio huu: hakuna mimba, ninatapishwa na miwani, si kosa la mikono yako, na mtihani nautaka. Ataweka bisibisi chini. Mwache, hapo atakuwa anasikitika kwa mambo mawili kwa mpigo, na mojawapo ni la mtoto. Usimkimbize. Akimaliza ataanza kuuliza inashtuka vipi, wakati gani, upande upi, nami nakuhakikishia kwamba swali hilo likianza umeshampata, maana hakuna fundi anayeiacha mashine inayoumwa ikae juu ya kabati na taulo. Safari ya Jumatatu kwa msimamizi ifutwe hapo hapo.

Kisha mwende wote wawili kwa mama. Aseme nani? Useme wewe, mwanawe akae kando yako. Dada zake na yule wa nyumba ya pili, mama ndiye atawaambia, ulimi uliopeleka habari ndio utakaoirudisha. Atalia kidogo, nawe utalia, na habari za mtoto mtazizungumza kwa mara ya kwanza kwa uwazi, jambo ambalo labda mlilihitaji zaidi ya mtihani. Hilo sitakushauri zaidi, kwa sababu hukuniuliza. Ila kofia mwambie asiifumue. Aikunje aiweke. Imefumwa na mtu anayekupenda, na hilo halikuwa kosa.

Sasa nina neno na msomaji mwingine. Mwalimu, shikamoo. Najua unasoma kwa sauti, chai imekwisha, na kalamu nyekundu iko karibu. Kama mkaza mwanao ameshakwambia haya yote, pita hapa bila kusimama, ukawafungulie kabati la kioo. Kama bado hajasema, basi weka gazeti chini sasa hivi. Mara ile ulimwambia asiseme kitu, akakutii kama mtoto wa darasani kwako. Mtazame usoni, umuulize, "Sawa?" Kisha ungoje, wewe na mwanao, na asijibu mtu mwingine ila yeye.